Baba Amekwenda Segera Kutafuta Spea

Kaka yangu Rajabu, shikamoo.

Kabla ya yote nakuuliza hali yako, ya wifi na ya wanangu wote hapo Mkata. Mimi huku Maskati ni mzima, mgongo tu ndio unaolalamika nikipiga pasi sana. Kazi inakwenda, na mama mwenye nyumba hana neno baya nami. Barua hii anakuletea Mwanaidi, yule dada wa Korogwe ambaye huwa tunakutana naye Ijumaa. Mkataba wake umekwisha, anarudi kwao. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza neno, wewe umeshalimaliza.

Wiki iliyopita watoto wa hapa walikuwa likizo, wakaweka filamu ya zamani sebuleni. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Nikasikia honi, nikainua macho, nikaliona lile gari la mikate la kijani likiingia kwenye mashindano pamoja na magari ya maana, bibi kizee amekaa kiti cha mbele na ramani kaigeuza juu chini. Kaka, nilikaa chini na shuka mkononi. Ni ile filamu yako, uliyokuwa ukiitafsiri kwenye banda la video pale stendi, umeshika maiki, jenereta inanguruma nje, na wafugaji waliotoka mnadani wamesimama nyuma na fimbo zao.

Lugha ya filamu ile hukuijua hata neno moja, na sote tulijua hivyo. Hatukujali. Yule bibi ulimfanya Mzigua, analalamika kwamba lami inamtia kizunguzungu. Dereva, mama wa wale watoto wawili, ulimpa jina la mama yetu. Na kila watoto walipomuuliza mama yao jambo kwa sura ya unyonge, ulimjibia vilevile: "Baba amekwenda Segera kutafuta spea." Ikafika mahali banda zima linaisema pamoja nawe. Hata pale yule mama alipopiga magoti mbele ya jiwe, ulisema ameangusha funguo. Watu wakavunjika mbavu. Nami nilicheka, nimekaa benchi la mbele.

Safari hii chini ya picha palikuwa na maandishi ya Kiarabu. Herufi tulifundishwa wote madrasa. Maana ya maneno nimeipatia huku, kwa kufokewa na kutumwa sokoni. Nikasoma polepole. Baba wa wale watoto amekufa, kaka. Gari la mikate lilikuwa lake. Lile jiwe ni kaburi. Watoto wa hapa wakaniuliza mbona nalia kwenye filamu ya kuchekesha, nikawaambia vumbi la nguo.

Nikarudi nyuma nikakumbuka. Ulianza kuionyesha filamu ile baada ya arobaini ya baba. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Baba alipofariki nilikuwa Kerenge kwa mama mdogo, na mkaniambia amelazwa. Niliporudi, udongo wa kaburi ulishakauka. Wewe ndiye uliyetumwa kunieleza, ukashindwa, na mwisho nikaambiwa na watoto wenzangu kisimani. Kisha ukawa unanichukua bandani, unanikalisha mbele, bila kiingilio. Sasa nimeelewa ulikuwa ukimtafsiria nani. Sina hasira nawe. Ulinichekesha wakati ambao nyumbani hakuna aliyecheka, na sijawahi kukushukuru. Asante, kaka.

Lakini sikio lililokuzoea bandani linakusikia na kwenye simu. Huu ni mwezi wa pili sijasikia sauti ya mama. Ijumaa moja amelala. Ijumaa nyingine amekwenda Kerenge, mtandao hamna. Juzi ukasema yuko shamba anapalilia. Anapalilia nini kiangazi hiki, na mahindi yameshavunwa? Na nyuma yako nikamsikia wifi akisema, "Uji ameutema tena." Nikauliza nani, ukasema mtoto. Mtoto gani, kaka? Mwanao wa mwisho yuko darasa la tano.

Mama mwenye nyumba anataka jibu kabla mwezi haujaisha: nitie saini miaka miwili mingine, au nirudi. Nikishatia saini hakuna ruhusa mpaka miaka iishe. Mama akiwa mzima, natia saini kwa moyo mweupe, maana nyumba tunayojenga huko bado haijaezekwa. Akiwa anaumwa, narudi, na nyumba isubiri. Najua unaogopa nitaacha kazi kisha tujute wote. Niachie mimi hofu hiyo. Baba nilimkosa, sikumwona uso wala sikumuaga. Mama sitaki nimkose kwa sababu ya tafsiri nzuri.

Msalimie wifi, na asigombezwe kwa ajili ya ule uji. Alisema kweli bila kujua. Msalimie mama mdogo wa Kerenge, na shangazi anayeuza mihogo pale yanaposimama mabasi. Nisalimie na mwalimu wetu wa madrasa, mwambie herufi zake zimenifaa, japo hazikunifurahisha.

Mwanaidi nimemwambia akae hapo mpaka umalize kusoma. Ukimaliza, chukua simu yake, nipigie, uingie chumbani kwa mama, umwekee sikioni. Nitamwamkia. Mpe muda wake, hata akichelewa kuitikia nitasubiri. Na asipoitikia, kaka, usimsemee. Niache nisikie anavyopumua.

Ni mimi mdogo wako,
Zaina