Usipa wa Mama Mkwe

Jumanne, Mbinga mjini. Ukungu umekaa tangu asubuhi, na mimi mtu wa Mbamba Bay nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Hasira pia ninazo.

Tumbo hili linaniwaka miezi sasa. Kila mtu ana dawa yake: juisi ya kabichi, mizizi, shubiri. Nimekunywa vyote. Shemeji yangu akasema niende Songea nikamezeshwe mpira wenye kamera. Usingizi uliniruka kwa kuufikiria tu.

Ndipo daktari wa hapa akaniambia tusianze na mpira. Kama ni bakteria, kipimo cha choo kitawaonyesha. Niache vidonge vya tumbo wiki mbili, kisha nilete choo kidogo kwenye kikopo, siku hiyohiyo ya kukijaza. Wiki hizo mbili sitaki kuzikumbuka. Nimekunywa uji kama mtoto anayeota meno.

Leo alfajiri nikajaza kikopo, nikakitia kwenye mfuko mweusi, nikakaza fundo. Mke wangu naye akanipa mfuko wake mweusi, una usipa wakavu wa kumpelekea mama yake. Huku kwetu mkwe akipanda mlima kutoka ziwani bila hao dagaa, bora asipande.

Mwenye akili ameshajua kilichofuata.

Mke wangu alikuwa amempigia mama yake simu, kwa hiyo nashuka tu stendi, mama mkwe huyu hapa. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akapokea mfuko kwa mikono miwili huku akikunja goti kidogo, akaenda zake nyumbani amefurahi. Mimi nikaenda hospitali, nikapenyeza mfuko uliobaki kwenye dirisha la maabara.

Dada wa maabara akafungua, akanitazama.

"Kaka, hawa usipa wanaumwa nini?"

Nilikimbia. Mtu mzima, sweta mbili, napanda kilima na usipa mkononi. Njia nzima natafuta neno. Mbele ya mama mkwe sijawahi hata kutaja tumbo. Nikiwa kwake, msalani naenda kwa kuzungukia migombani asinione. Sasa nikamwambie nini? Mama, naomba unirudishie zawadi?

Nikamkuta jikoni, mafuta yameshapata moto. Mfuko uko wazi. Kikopo kimewekwa juu ya kigoda, peke yake, kama mgeni wa heshima.

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Baba Neema," akasema bila kuniangalia, "hiki kinatakiwa kiwahi. Wahi."

Nikanyoosha mkono kukichukua. Akaingia chumbani, akatoka na kikopo kama changu, kifuniko kilekile, kitupu. Akasema alipewa hospitali tangu kabla ya msimu wa kahawa. Tumbo linamsumbua miaka, na hata kwa binti yake hajasema. Kujaza si tatizo. Tatizo ni kupita nacho sokoni, ambako kila mtu atamsalimia na kumuuliza amebeba nini.

Tukabaki tumesimama, mkwe na mkwe, kila mtu na kikopo chake. Aliyeanza kucheka ni yeye.

Majibu yangu yalitoka mchana. Bakteria wapo. Nimepewa dawa, mpira simezi, na nimefurahi kuliko mtu aliyeambiwa ni mzima.

Jioni tumekula usipa. Yeye amekula kidogo sana, na safari hii nimejua kwa nini. Wakati anaondoa sahani akaniuliza kwa sauti ya chini kama kesho nina shughuli ya kunipitisha hospitali. Nikasema ninayo. Sina.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitapita katikati ya soko la Mbinga na mfuko mweusi, kichwa juu. Atakayeniuliza nimebeba nini nitamwambia ukweli: nimepewa na mama mkwe.