Ini la Feisal

Msambweni

Kaka yangu mpendwa Sefu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute huko Mackinnon Road u mzima wa afya, pamoja na wifi na watoto. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mwanangu Feisal, ambaye ndiye sababu ya kukuandikia.

Wajua tangu mwaka juzi anatibiwa ule ugonjwa wa utumbo, wa kuhara damu. Mwezi uliopita macho yake yaligeuka manjano, nawe ukanipigia simu ukasema hapo pana mkono wa mtu. Ukamtaja Shangazi Kadzo, kwa kuwa ndiye anayempikia uji. Sikufichi, nilikuamini. Nikawa namvizia jikoni, nauonja uji kabla ya mtoto, na siku ya kliniki nikautia kwenye chupa nikampelekea daktari.

Daktari hakunicheka. Alisema vipimo vya damu, na kipande cha ini walichokitoa kwa sindano kule Mombasa, vimeshaeleza yote. Kinga ya mwili wa Feisal, badala ya kupigana na maradhi, inaushambulia mwili wenyewe: kwanza utumbo, sasa ini. Baadhi ya watoto wenye ugonjwa ule hupatwa na hali hiyo. Nilimwuliza tena na tena kama hakuna aliyemlisha kitu. Akasema hakuna.

Sasa anameza vidonge vya kuituliza kinga hiyo. Manjano yanapungua, ila uso umevimba kwa ajili ya dawa, na majirani walipouona wakasema Shangazi amezidisha uchawi wake. Juzi nyumba yake ilipigwa mawe.

Nikajiuliza neno hili limewafikiaje majirani, maana mimi sikumwambia mtu. Jana Shangazi alinieleza huku analia kwamba ulimtaka akuachie shamba lake la Diani, lile lililopakana na hoteli, akakataa. Ilikuwa wiki ile ile uliyonipigia simu. Kaka, naona uchungu kuyaandika haya. Shangazi simshuku tena. Ninayemshuku ni wewe.

Umesema Ijumaa utakuja na mganga amtoe mchawi hadharani. Shangazi nimemhamishia kwangu, analala chumba kimoja na Feisal. Ukija peke yako, karibu, hapa ni kwenu. Ukija na mganga, nitasimama mlangoni niwaeleze wote watakaokusanyika habari za shamba.

Wifi mpe salamu zangu nyingi. Feisal anakuamkia, hajui lolote, na anauliza mjomba atamletea nini.

Nduguyo,
Maimuna