Mashine ya Mgeni Rasmi

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mwanao ameota jino, anang'ata kila kitu hadi kola ya sare yangu ya unesi. Mama kifua kimemzidi, nimemlaza wodini kwetu nimwangalie nikiwa zamu.

Juzi waziri alikuja kuizindua wodi hiyo. Asubuhi ililetwa mashine mpya ya oksijeni, akawekewa Mama kwa sababu kitanda chake kiko mlangoni. Waziri akamshika mkono, wakapigwa picha. Kaka, Mama alipumua! Aliomba chai, akamtania hata daktari.

Msafara ulipoondoka tu, dereva wa lori akaingia kuichukua. Kumbe mashine ni hiyo hiyo moja, inamtangulia waziri kila anakokwenda kuzindua. Nikamkimbilia mganga mkuu. Akaniambia, "Sista, usinitafutie balaa, na mimi nina watoto." Nikaichomoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa Mama kila akiniona ananiuliza, kwa sauti ndogo, waziri atarudi lini. Leo nimemjibu kesho. Jana pia nilimjibu kesho.

Ni mimi mdogo wako, bado niko zamu.