Nimelegeza Nati ya Mashine ya Mke Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimefanya jambo ambalo sijamwambia hata mama yangu mzazi.

Mimi ni seremala, mwaka wa kumi na tisa huu nachonga vitanda kwa patasi, na mke wangu ni fundi wa printa, sasa mwaka jana akaanza kukusanya mota za printa zilizokufa, reli za droo na vipande vya mbao kutoka karakana yangu mwenyewe, nami namcheka, "Mama watoto, unaunda ndege?", kumbe anaunda mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, na siku ilipowaka ikachonga ua langu, lile ninaloweka kwenye kila kitanda, kwa dakika arobaini, mimi hunichukua siku mbili, na wateja wakaanza kufika mlangoni, "Fundi yupo?", nikisema ndiye mimi, wanasema, "Hapana, yule mama." Mshauri, nilimwonea wivu. Kilichonimaliza ni kwamba mashine inachonga hata kosa langu, petali iliyopasuka patasi iliponiteleza kwenye kitanda chetu cha harusi, nikaona ananidhihaki.

Basi alipotoka nikalegeza nati inayoshika mota ya kulia, robo mzunguko tu, na tangu hapo duara linatoka kama yai. Nati hiyo iko chini ya ubao wa kuzuia vumbi ambao nilimpigilia mimi, na wiki ya tatu sasa anafungua kila kitu isipokuwa hapo, kwa sababu kazi ya mkono wangu anaiamini, haikagui. Milango aliyoagizwa na shule ya watoto wetu aichonge imemshinda. Juzi akaniambia, "Baba watoto, wewe una jicho, hebu niangalizie, labda mimi sijui kupima." Nikainama, nikasema sioni kitu. Sasa amekata tamaa, ameiuza mashine kama chakavu, na Jumamosi mnunuzi anakuja kuchukua mota zote. Nikikiri, ataniacha?

Seremala wa Vitanda

Seremala, pole. Kupitwa mlangoni na wateja wako mwenyewe si mchezo. Pole yangu inaishia hapo, maana ungekuwa karibu ningekuzaba kibao. Hukuikomoa mashine, umemkomoa mkeo.

Eti anakudhihaki! Kufuta mpasuko ule kwenye kompyuta ni kazi ya dakika moja, na aliyeunda mashine kwa takataka hashindwi na hilo. Ameuacha kwa kuwa ni mkono wako. Uliwahi hata kumuuliza?

Usingoje Jumamosi. Leo, watoto wakiwa shuleni, mwite, ng'oa ubao ule mbele yake, mwonyeshe nati, mwambie, "Ni mimi." Usimsingizie shetani, wala usianze hadithi ya miaka yako kumi na tisa. Mpe spana akaze mwenyewe. Kisha nenda kwa mwalimu mkuu ukaseme nani aliyechelewesha milango.

Kama atakuacha sijui, na usinililie. Huenda ukalala karakana juu ya maranda mwezi mzima. Lala. Akikutimua, akutimue akijua kwamba kupima anajua.