Maji Yamefika Shamba la Chini

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima. Kikohozi kimemwachia mama, sasa anagombana na kuku kama zamani.

Nina habari ya mfereji. Unalikumbuka lile shirika lililotuchimbia, likapiga picha, likaondoka? Ukuta ulipobomoka hatukuwa na hata wa kumpigia simu. Mwaka huu limekuja jingine, na mbegu za bure. Watu walikwenda kikaoni kwa ajili ya soda tu.

Mama akasimama, akamwambia bibi shamba wao, "Mwanangu, mbegu tutapokea, asante. Lakini tuzimwagilie kwa mate?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliuliza mfereji uko wapi, akavua viatu, wakaongozana na mama hadi pale ulipobomoka.

Sikufichi, wakubwa zake walikataa. Fedha zilikuwa za mbegu. Lakini alirudi mwenyewe kutuambia, na hilo lilitushangaza, maana tumezoea kuachwa tukisubiri. Akaomba mtu mmoja waende naye kuwasihi. Mama akavaa nguo yake ya kutokea, akaenda. Wakaja na jibu: saruji na fundi watatoa wao, kuchimba na kubeba mawe ni sisi, na ufunguo wa lango la maji unakaa kwetu.

Baba mdogo alikuwa ameapa hatashika tena jembe kwa mradi wa mtu. Siku ya kwanza alikuja kututazama tu, mikono nyuma. Kufika mchana yumo mtaroni, anatufokea kwamba hatujui kupanga mawe. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Juzi maji yalifika shamba la chini. Kwenye kona bado yanavuja, fundi atarudi. Bibi shamba alikuwepo, matope hadi magotini, na mama amemwambia hata kazi yake hapa ikiisha, aje tu kutusalimu.

Kuhusu shauri lako la kuuza shamba na kumhamishia mama huko, nilimsomea ujumbe wako. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwambie namshukuru. Ila asitafute mnunuzi. Atafute likizo."

Baba mdogo na shangazi wanakusalimu sana. Nibusie kitinda mimba wenu. Mungu awafunike huko mliko, na njia ya kuja huku aifanye fupi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyosema,
Chiriku