Kuchukuliwa kwa Usukani wa Mashua ya Cheyo

KITUO KIDOGO CHA POLISI, CHEYO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tekla binti Mahona
Umri: yapata miaka 48
Kabila na dini: Mnyamwezi, Mkristo Mkatoliki
Kazi: mkulima, pia mtunza ufunguo wa makumbusho ya mashua, Cheyo
Makazi: Chemchem, Tabora
Yameandikwa na Sajini Anselm, Jumapili tarehe 15 Julai, 1956, kuanzia saa tano asubuhi.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba nitasema kweli. Asubuhi hii nimetoka kupokea Komunyo, kwa hiyo siwezi kuuchafua ulimi wangu kwa uongo, hata kwa ajili ya rafiki.

Makumbusho yetu ni chumba kimoja na ukumbi. Watu wa mbali hucheka wakisikia kwamba Tabora, mahali pasipo bahari wala ziwa, pana nyumba ya kukumbuka mambo ya maji. Lakini ziko mashua zilizokwenda ziwani kwa njia ya nchi kavu. Zilikatwa vipande kule pwani zikapita hapa mabegani mwa babu zetu. Yetu ni ya vipande vitano. Wenye mashua hiyo walishikwa na homa wakafia hapa, nayo ikabaki ghalani. Marehemu babu yangu alikuwa miongoni mwa waliobeba kipande cha pili. Bega lake lilikuwa na nundu mpaka tulipomzika.

Tangu mwaka jana tunafanya mafunzo kila Jumamosi. Anayefundisha ni Fundi Kondo Mwinshehe, ambaye mnamshikilia humu ndani. Yeye ni Mzaramo, seremala wa mashua, alikuja na reli zamani, akaoa kwetu, akabaki. Ametufundisha kusokota kamba, kunyoosha mbao na kuziba nyufa kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Mwanzoni tulikuwa watu wachache tunaoneana haya. Sasa wanakuja kwa treni kutoka Tura, na Wasukuma wa Igunga wanaacha ng'ombe wao kwa jirani ili waje washike nyundo. Akina mama ndio wazibaji hodari kuliko wote. Fundi alisema mwanamke aliyezoea kukandika ukuta hawezi kulala akijua pameachwa tundu. Basi kwa mikono hiyo mashua ikaungwa, ikasimama nzima, na ikatangazwa kanisani na msikitini kwamba Jumapili ya leo itateremshwa bwawani. Tangu iletwe nchi hii haijawahi kugusa maji.

Mnamo tarehe 14 Julai, Jumamosi, saa tisa alasiri, tulikuwa na maonyesho ya mwisho. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mlangoni alikuwa Bwana Justus, mtu mwema sana, mgeni kutoka Bukoba, ambaye hajamaliza hata miezi mitatu hapa. Kazi yake ni kuangalia kitu kisitoke. Nyimbo za wapagazi ziliongozwa na Kashindye, mkulima, Mmoraviani, ambaye babu yake pia alibeba.

Baada ya wimbo wa pili Kashindye alimgeukia Fundi mbele ya watu wote. Akasema, "Wazaramo hawa! Sisi tunavunjika mabega, wao wamelala kivulini Bagamoyo wanakula nazi!"

Fundi akajibu, "Nyamaza, mpagazi wangu. Mliibeba tezi mbele omo nyuma. Mashua ya watu imekwenda kinyumenyume mpaka Tabora, ndiyo maana wenyewe waliugua!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Hapo Fundi akauchomoa usukani wa mashua, akauweka begani, akasema, "Huu naondoka nao. Mkiutaka, njooni mnikomboe kwa jogoo mwekundu, tena mje mmepiga magoti. Bila huu kesho mtazunguka bwawani mpaka Krismasi." Akatoka nao mlangoni huku anaimba. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na nilicheka hadi machozi. Sikuona kosa lolote, kwa sababu halikuwepo.

Afande, sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walipofika pwani wamechoka, hao ndio waliowapokea, wakawatukana na kuwalisha. Mtani akichukua kitu chako hasemwi kuwa ameiba. Unakwenda kukikomboa kwa kitu kidogo, mnatukanana, mnakula pamoja. Usipokwenda, wewe ndiye uliyemdharau.

Bwana Justus hakuyajua hayo. Aliona mali aliyopewa ailinde inatoka begani mwa mtu, akaja kwenu mbio. Simlaumu. Ningekuwa ugenini Bukoba nami ningefanya hivyo hivyo.

Saa kumi na moja jioni nilikwenda kurudisha mabenchi ya parokia. Huku nyuma askari alifika ukumbini, akamwuliza Kashindye kama ni kweli Fundi Kondo amechukua usukani. Mimi sikuwepo, lakini Kashindye mwenyewe amenieleza. Alijibu, "Ameuchukua! Mwizi mkubwa huyo! Mfungeni, na ukoo wake wote, hakuna Mzaramo asiyeiba!" Wote waliokuwepo wakacheka, wakidhani askari naye anacheka moyoni. Askari akaandika. Kisha, kama mke wa Fundi alivyonieleza, akaenda kwa Fundi, akaukuta usukani umelazwa barazani, umefunikwa kanga kama mgonjwa, akamwuliza kama ameuiba. Fundi akasema, "Nimeuiba, ndiyo, na kesho nitawaiba na wao wenyewe." Hayo nayo yakaandikwa, naye akaletwa hapa pamoja na usukani.

Leo baada ya misa ya kwanza nilikwenda kwa Fundi na jogoo kwapani. Mkewe, Bibi Nyamizi, nilimkuta amekaa kizingitini. Akaniambia, "Dada, mmemfunga mume wangu?" Nilisali Salamu Maria moja pale pale nimesimama, kisha nikarudi ukumbini nikiwa karibu kukimbia.

Watu walikuwa wamejaa, tayari kwa safari ya bwawani. Nilipowaambia, hakuna aliyecheka tena. Kashindye alikaa chini kabisa. Halafu akainuka, akasema, "Mashua haiendi bwawani. Inaanzia polisi."

Wakaitia miti, wakainyanyua. Afande, niliyasikia haya kwa babu tangu nikiwa mtoto lakini sikuwahi kuyaona: mashua nzima juu ya vichwa vya watu, inapanda barabara ya Cheyo, wanaume wameingia chini, wengine wanapokezana bila kuitua, akina mama wa mafunzo mbele na vigelegele. Wenye maduka walitoka. Mzee mmoja Mwarabu alivua viatu. Nilitembea huku ninalia, nami nikajua kwamba furaha nayo ina kilio chake.

Tulipofika hapa saa nne na nusu, wewe mwenyewe ulitoka nje ukauliza ni maandamano ya nini. Nikakuambia tumekuja kumkomboa mtani. Ukasema, "Mama, mtuhumiwa amekiri kwa kinywa chake, na shahidi amethibitisha. Kesho anakwenda mahakamani." Pia ukasema jogoo asiingie ofisini, na hakuingia.

Nikakuomba nikueleze habari ya siku moja tu. Tulipomzika baba yangu, Mahona, Fundi Kondo aliruka ndani ya kaburi akalala chali. Akasema hatoki, nyumba hiyo ni yake, marehemu akatafute nyingine. Mama yangu, ambaye kwa siku mbili hakuwa amefungua kinywa, alicheka. Tukampa Fundi shuka, akatoka. Kisha alishika jembe, akafukia, na watu wote walipokwisha kwenda aliendelea kusawazisha udongo kwa viganja vyake. Huyo ndiye mwizi wetu.

Ndipo ulipomwita Kashindye, ukamwapisha mbele yangu, ukamwuliza, "Kwa jina la Mungu, mtu huyu ni mwizi?"

Kashindye alivua kofia. Kisha akasema, "Kwa jina la Mungu, hapana. Ni mtani wangu. Mkimfunga huyu, mimi nitazikwa na nani?"

Sauti ya Fundi ikatoka kule mahabusu: "Lala hapo hapo, mpagazi, nikuzike leo!"

Bwana Justus, ambaye alikuwepo na kusikia yote, amesema kwao mtu akichukua kitu chako na kukutukana juu yake, huyo ni adui, wala hakujua kuna nchi ambako ni ndugu. Amesema mbele yako kwamba anaondoa malalamiko yake.

Sina zaidi, Afande. Ninaomba Fundi Kondo atoke na usukani utoke naye. Watu walioko nje wameapa kutoitua mashua mpaka wamwone, na jua limekuwa kali, na mabega ni yale yale ya babu zetu, lakini nayo ni nyama.

Nimesomewa niliyoyasema, nimeyakuta ni yangu, wala hakuna neno nililolazimishwa.

(Sahihi) Tekla binti Mahona

MAELEZO YA MWANDISHI

Maelezo haya nimeyaandika kwa mkono wangu na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, lugha anayoielewa. Malalamiko yameondolewa. Kondo Mwinshehe ameachiwa saa sita na robo mchana, hana kesi. Kielelezo, usukani mmoja wa mbao, nilikusudia kumkabidhi mtunza makumbusho. Yeye na wenzake walikataa kuupokea, wakataka apewe Kondo mwenyewe, na jogoo wa ukombozi akakabidhiwa Kondo nje ya kituo mbele ya macho yangu.

Kwa sababu ya wingi wa watu niliona ni lazima nifuatane nao hadi bwawani kulinda usalama. Mashua iliteremshwa saa tisa kasoro robo, Kondo akiwa kwenye usukani. Ilielea. Haikuingiza maji. Ilivuka ng'ambo ikarudi ikiwa na watu sita, nami nilikuwa mmoja wao.

(Sahihi) Anselm, Sajini