Ndege Mwekundu Kifuani

Mdogo wangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa na furaha ambayo imeshindwa kukaa kifuani. Nimejiunga na darasa la kuchapa nguo kwenye studio ya sanaa hapa mtaani. Unatandaza fulana mezani, unailaza juu yake fremu yenye wavu mwembamba, unamwaga rangi, kisha unaivuta kwa ubao wenye mpira. Rangi hupenya palipo na mchoro tu. Jana nilipoinua fremu nikamkuta ndege wangu mwekundu ametulia kwenye fulana, nilicheka hadi wenzangu wakaacha kazi kunitazama.

Siku ya kwanza nilimwambia mwalimu kwamba mkono wangu wa kulia hauna nguvu. Akanijibu, “Mama, ubao huu huvutwa kwa mikono miwili. Wa kushoto utamsaidia mwenzake.”

Nilikuficha, mdogo wangu. Mwezi wa tatu nilipatwa na kiharusi. Simu zako sikuzipokea kwa sababu ulimi ulikuwa mzito, nikaona haya. Sikuwa nimekukasirikia.

Fulana yenyewe nimeiweka humu kwenye kifurushi. Bawa moja limefifia, lakini ivae hivyo hivyo. Na Jumapili nipigie, tuongee polepole.

Ni mimi dada yako, ambaye rangi haijamtoka kuchani.